Kijiji Kilichonyimwa Nukta za Homa

Kwa Waheshimiwa Watunzaji wa Kanzidata Huria ya Dunia ya Magonjwa ya Mbu,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni Siaka Millogo, mwenyekiti wa kijiji cha Dafinaso, nje kidogo ya Bobo-Dioulasso. Juzi mtani wangu Mfulani, Hamidou Bolly wa kijiji jirani cha Kokoroba, alinionyesha ramani yenu kwenye simu yake. Kokoroba ina nukta nyekundu arobaini na moja. Dafinaso haina hata ya kusingiziwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmetutukana kwa kutuita wazima. Masika yaliyopita tuliugua kwa bidii, malaria na dengi, nyumba kwa nyumba. Mke wangu Minata alilala siku tisa, hataki hata harufu ya ugali wa mtama. Tulidhani amekwenda.

2. Kwa nukta zao, Kokoroba wamepewa vyandarua na kupuliziwa dawa. Sisi tumepewa kicheko. Hamidou alisema sokoni, mbele ya wakwe zangu, "Mtani, nyie Wabobo damu yenu imechacha kwa pombe. Mbu akiwaonja anatema." Nikamjibu, "Nyie anawafuata kwa harufu ya maziwa." Watu walicheka sana, lakini dawa haikuja.

3. Mbu wa Kokoroba ni wetu. Wanazaliwa kwenye mitungi yetu, wanakulia kwenye matairi yetu, ndipo wanavuka kijito kwenda kutafuta maisha. Kwa hiyo nukta zote arobaini na moja ni mali ya Dafinaso. Naomba zihamishwe.

4. Ikiwa kuhamisha ni kazi, tuandikieni mia moja za heshima, mkihesabu na homa ya marehemu babu yangu, aliyetetemeka mpaka kitanda kikahama chumba.

Nisalimieni wote hapo ofisini, hasa anayepaka nukta rangi.

Wenu katika kujikuna,
Siaka Millogo

Nyongeza: Katika kutafuta bahasha, Minata amefungua sanduku langu akakuta fomu sitini na tatu za wagonjwa. Nesi Azara wa zahanati yetu alikuwa akinikabidhi kila mwezi nizipeleke wilayani, maana mwenye pikipiki ni mimi. Nilisahau. Minata hakugomba. Amezipanga mezani moja moja, akasema, "Baba Fanta, walimwengu hawakutunyima kitu. Tumelala sandukuni mwako." Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa pikipiki. Wameondoka nazo, yeye na Nesi Azara. Barua hii naipeleka posta kwa miguu.