Saumu Yangu na Supu ya Bi Tui

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mabakuli mawili leo. Mawili! Saa tano asubuhi nimefunga duka langu la simu nusu saa, nikateremka kichochoro cha nyuma ya soko, kwa Bi Tui. Jina lake hasa ni Thuy, mtu wa Vietnam, mke wa Bwana Athman aliyekuwa baharia. Lamu nzima yamwita Bi Tui, ingawa supu yake haina hata tone la nazi. Ni mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu alfajiri, mdalasini, tangawizi, tambi za mchele, nyama nyembamba kama karatasi, na juu yake majani ya kotmiri na ndimu. Siku ya kwanza niliuliza sukari iko wapi, maana kwetu tambi ni za sukari. Sasa ni mwaka mzima, sijakosa siku.

Tatizo ni mke wangu, Zakiya, mama wa binti yetu Rumaisa. Saa saba aliniandalia wali na samaki wa kupaka. Vijiko vitatu, nikakwama. Akauliza kama mapishi yake yamenichosha. Nikasingizia joto. Kweli siwezi kumwambia. Mwaka jana nilimwambia kwamba mimi kwa Bi Tui sitii mguu, na kwamba mke wa mtu mwenye heshima hapiti hata kile kichochoro. Nilisema hivyo asije akanikuta. Akili hiyo!

Jumanne, 4 Februari

Dawa nimeipata! Huu si mwezi wa Shaaban? Watu si wanafunga? Nimemtangazia Zakiya kwamba nami nafunga sunna, kwa hiyo chakula cha mchana asijisumbue. Machozi yakamlenga. Akasema yeye anafunga tangu mwezi uandame, na kila sala alikuwa akiniombea. Nikaona haya. Kama dakika mbili hivi. Saa tano nikaenda kwa Bi Tui.

Nikamkuta Ridhwani kwenye kiti changu! Ridhwani ni jirani yangu, muuza vitambaa, na kiti ni kile kilicho karibu na pazia la jikoni, ambako bakuli hufika lingali linatoa moshi. Nikamwambia punda wake amefunguka, ameonekana kwenye duka la unga. Akatoka mbio, kikofia mkononi. Nikakaa.

Jambo la ajabu: supu imebadilika siku hizi. Imezidi utamu! Bi Tui ana bendeji mkononi, anasema kifundo kimeteguka. Naona maumivu yamemwongezea ujuzi.

Jumatano, 5 Februari

Lahaula! Zakiya alimwambia shangazi yake, shangazi akamwambia Maalim Abdulqadir wa msikiti wetu. Baada ya sala ya adhuhuri Maalim akanishika mkono mbele ya safu nzima, akasema vijana wamtazame Bwana Husni, mtu mwenye duka, mwenye shughuli, na bado anafunga. Mimi na kotmiri katikati ya meno! Nikaitikia kwa kichwa tu, midomo nimeibana. Maalim akasema tazameni na unyenyekevu wake.

Safu ya pili Ridhwani alikohoa. Alikohoa mno. Saa tano tulikuwa tumekaa meza moja, na punda wake hakuwahi kufunguka.

Magharibi Zakiya akanifuturisha kwa uji, kaimati, mikate ya mofa na kuku. Aliyefunga hawezi kukosa hamu. Nikala vyote. Sasa nimelala chali, naandika shajara juu ya kifua, na kifua kiko mbali sana.

Alhamisi, 6 Februari

Sijui nianzie wapi.

Saa tano, kiti changu, bakuli langu. Ridhwani, meza ya pili, akaniuliza kwa sauti eti supu hii na ya nyumbani kwangu ipi zaidi. Ningenyamaza! Nikajibu, tena kwa sauti kumshinda, kwamba lau Zakiya angejua kupika nusu ya hivi, mimi nisingetoka nyumbani kwangu.

Bi Tui akajiziba mdomo kwa mkono wenye bendeji. Pazia likafunguka.

Zakiya! Na aproni! Na upawa!

"Babake Rumaisa," akasema taratibu, "supu hiyo ni ya mkono wangu."

Tambi moja ilikuwa ikining'inia mdomoni, na sikujua niivute au niiteme. Kumbe ni wiki mbili sasa, tangu Bi Tui aumie, Zakiya ndiye anayepika. Hakuniambia kwa sababu nilikipiga marufuku kichochoro, wala hakujua kwamba nala pale, hadi leo nilipopaza sauti. Akimaliza hukimbia nyumbani kwa ndia ya nyuma kabla sijarudi. Na saumu yake iko pale pale: huonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mimi nimefunga, naipika," akasema. "Wewe umefunga, waila. Nambia, ni madhehebu gani hayo?"

Watu walicheka hadi benchi likaanguka. Ridhwani alipiga meza kwa viganja viwili. Na jambo la kutisha kuliko yote: supu ilikuwa bado ya moto. Nikaimaliza.

Ijumaa, 7 Februari

Zakiya hajanigombeza. Ningependa anigombeze. Amenipa habari tu: Bi Tui amemwomba abaki jikoni hata mkono ukipona, naye amekubali. Usoni ana furaha ambayo sijaiona tangu siku za harusi yetu. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikauliza kesho watapika saa ngapi.

Hukumu yangu, kutoka kwa Zakiya: nifunge siku sita za kweli kuanzia kesho, na kila siku saa tano nikae pale karibu na pazia, bila bakuli, anione. Ridhwani amejitolea kuja kula mbele yangu. Nikitimiza, Zakiya atanipikia kwa mkono wake, mbele za watu. Nimekubali, Maalim akiwa shahidi. Nimetubu kabisa. Moyo mwepesi!

Wakati wa kutoka msikitini nikamuuliza Maalim swali moja dogo, la rafiki yangu. Akathibitisha: mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Na kila mtu ajua mgonjwa hupewa supu. Kesho saa nne na nusu naanza kuugua. Tumbo? Hapana, watanikataza nyama.

Goti.