Kusimamishwa kwa Nabii Amosi Katika Msimu wa Korosho

Wananchi wote wa Masasi na Newala wanatangaziwa kwamba nabii Amosi amesimamishwa kupisha uchunguzi, kuanzia ufunguzi wa msimu wa korosho hadi gunia la mwisho litakapopakiwa.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Kuoanisha Manabii na Soko Huria, na nasema bila kumung'unya maneno: tulichelewa. Ruksa ya soko huria imetoka, wanunuzi binafsi wamekuja na mizani yao, halafu chuo cha dini kinafundisha nabii anayewafokea wafanyabiashara kuhusu mizani ya wizi! Mwekezaji atajisikiaje?

Aliyetutia joto ni Vitalis wa Mnyambe, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alibakiza mahubiri ya mtihani tu apewe ushemasi, akachagua Amosi, tena ahubiri ghalani kwao siku ya ufunguzi. Bila kibali chetu hana mtihani. Bila mtihani, anarudi kupalilia mikorosho.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alimwamkia mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Optatus.

"Marahaba. Huyu Amosi ana elimu gani?"

"Alichunga kondoo na kutunza mikuyu, mzee."

"Basi! Hana hata cheti. Chagua mwingine."

Tukampa Yona. Yona ni nabii salama: kuna safari, kuna samaki, mizani hamna. Mwenyekiti alisoma mahubiri mpaka kwenye samaki, akachoka. Nikagonga muhuri: IMEPITISHWA. ITEKELEZWE.

Siku ya ufunguzi Vitalis alihubiri kwa upole hata nikasinzia. Nilipozinduka, samaki alishatapika zamani, na mfalme wa Ninawi alikuwa ameshuka kitini, kavua joho, kavaa gunia, kakaa kwenye majivu.

Mama Stefano, mkulima aliyekuwa ameshapimiwa magunia yake matatu asubuhi, akanyoosha mkono.

"Baba Katibu, hayo mahubiri yana muhuri?"

"Tena mkubwa."

"Unasemaje?"

Nikausoma. Muhuri wangu siwezi kuukana.

"Haya, itekelezwe. Mfalme wetu leo nani?"

Mwenyekiti, kusikia mfalme, alikuwa keshasimama. Wakamvika gunia tupu la korosho juu ya suti. Majivu ya jiko la mama lishe yakamwagwa juu ya mizani ya mnunuzi, maana ndipo palipoinuka, panapomfaa mkubwa. Akaketi. Mshale ukacheza, ukatulia: kilo sabini na nne, pamoja na majivu.

"Ebo!" Mwenyekiti aliruka. "Juzi tu nimepimwa hospitali kule Mkomaindo, kilo tisini na mbili! Mizani hii inaiba!"

Mnunuzi akaanza kukunja turubai lake.

"Pole, baba," alisema Mama Stefano. "Wewe umepimwa mara moja tu."

Mwenyekiti akamgeukia Vitalis kwa hasira. "Miaka yote hiyo chuoni! Hakuna nabii hata mmoja anayesema juu ya mizani?"

"Yupo, Mheshimiwa. Amesimamishwa."

"Mpumbavu gani kamsimamisha?"

Nikaangalia viatu vyangu. Watu wote walimwangalia mwenyekiti mwenyewe.

Kwa hiyo, wananchi, tangazo la juu limefutwa. Amosi amerudishwa kazini na Vitalis amefaulu. Mwenyekiti alitia saini palepale, bado yumo ndani ya gunia, kwa sababu Mama Stefano alikataa avuliwe mpaka magunia yake matatu yapimwe upya.