Bwana Miiko na Dawa ya Safura

Urbani aliingia uani mwa dispensari ya kijiji cha Ruanda kufuata kivuli, si dawa. Tangu asubuhi alikuwa akimkwepa karani wa kodi, naye alijua vizuri kwamba karani wa kodi hapendi kukaa karibu na wagonjwa. Akajibanza chini ya dirisha katikati ya watu, akakohoa kidogo kwa heshima ya mahali, akatulia.

Ndani, dresa Placidi alikuwa akigawa dawa mpya ya safura. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imegundua kwamba watu wa milimani na wa ziwani wamepauka kwa minyoo, na mtu aliyepauka halimi kahawa ya kutosha. Huruma ikaishika Serikali, dawa ikatolewa bure.

"Sikilizeni," dresa alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo lile lile. "Ukimeza hii, pombe usiguse, mafuta usiguse, mpaka kesho kutwa. Vitu hivyo viwili vinaivuta dawa mpaka kwenye damu. Kazi yake ni kuua minyoo tumboni. Ikiingia kwenye damu itakutafuta wewe."

"Na samaki, bwana dresa?" sauti ya mama mmoja ikauliza.

"Asiyekaangwa hana neno."

"Na maharage?"

"Kula."

"Na kumsalimia mama mkwe?"

"Msalimie, mama! Haya, mwingine!"

Watu wakatoka wanyonge. Mganga wa kienyeji, kwa kikohozi tu, hukataza chumvi, kuku mweupe, kukanyaga majivu na kugeuka nyuma ukiitwa. Hii ya Serikali ilikuja na miiko miwili mitupu. Dawa gani hiyo?

"Mingine wametuficha," mama yule akanong'ona alipopita dirishani.

Moyo wa Urbani ukaruka. Wako watu ambao wakiona wenzao wana njaa huwahurumia. Urbani alikuwa wa wale wanaowasha moto na kuinjika chungu cha kuuza. Watu hawa walikuwa na njaa ya miiko, na miiko haihitaji shamba wala mtaji.

Siku chache baadaye akateremka Mbaha, ufukweni mwa ziwa, siku ileile dresa alipokwisha kupita na kugawa. Alivaa kaptura ya kaki aliyoipata kwa karata Songea, kofia ambayo askari fulani bado anaitafuta, akabeba begi la ngozi lisilo na kitu. Nyuma yake walikuja wapagazi.

"Dresa ni Bwana Dawa," akawatangazia wanakijiji. "Mimi ni Bwana Miiko. Serikali ni kubwa, kazi zimegawanywa. Yeye anawapa cha kumeza, mimi nawaambia cha kuacha. Adui wa kwanza wa dawa hii ni samaki."

Watu wakaguna. Kumwambia mtu wa ziwani aache samaki ni kumwambia aache pua yake. Lakini mguno ule ulikuwa pia wa kuridhika: hatimaye walikuwa wamepata mwiko wenye uzito.

"Samaki ni wa maji ya baridi, dawa ni ya moto," Urbani akaendelea. "Wakikutana tumboni, nani ataamua ugomvi? Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, yuko mbali. Hata harufu yake nyumbani ni hatari. Walioko vichanjani nitawachukua, Serikali itawaharibu."

Mzee Nathanieli, aliyekuwa amekumbatia kibuyu cha pombe, akanyanyua kichwa. "Na pombe, mwanangu? Dresa ameikataza."

Urbani akawatazama wanaume wale, mabega yao ya kuvuta nyavu, na makasia yaliyokuwa karibu na mikono yao. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kiu.

"Hiyo ilikuwa amri ya zamani," akasema. "Imebadilishwa. Pombe ndiyo mpagazi wa dawa. Bila mpagazi, dawa inalala njiani."

Wanaume wakapiga makofi. Mzee Nathanieli akasema kwamba tangu Mjerumani aondoke hajaona ofisa mwenye akili kama huyu, akamkaribisha kibuyu.

Siku ile Urbani aliondoka na matenga ya samaki aina ya mbasa waliokaushwa. Wengi walikuwa wa Ottilia, mkaushaji hodari kuliko wote ufukweni. "Hao ndio mahindi yangu ya masika, baba," Ottilia akamwambia. "Nawapeleka mlimani kubadilishana."

"Uhai ni bora kuliko mahindi, mama," Urbani akamjibu kwa upole, akawaita wapagazi wake.

Akawapandisha samaki mpaka Mapera, mlimani, na huko akawaharibu kwa kuwauza. Mapera nako dawa ilikuwa imegawiwa, na miiko ilikuwa pungufu vilevile. Huko adui wa dawa alikuwa maharage, akisaidiwa na kuku. Rafiki pekee wa dawa alikuwa mbasa. Wamatengo, wenyeji wa mlima ule, wakatoa maharage na kuku zao nje kama watu wanaofukuza nyoka, wakanunua mbasa. Urbani akateremka na maharage mpaka Mbaha, ambako yalikuwa chakula pekee kinachopatana na dawa. Ajabu ya maharage yale ni kwamba yalikuwa sumu mlimani, yakapona yenyewe njiani wakati wa kuteremka.

Kazi ilikwenda hivyo, kupanda na kushuka, mpaka safari moja alipofika Mbaha akamkuta Egidi, mume wa Ottilia, amelala mkekani. Egidi alikuwa amemeza dawa ya dresa, aliyekuwa amepita tena kugawa, kisha, kama alivyoagizwa na Bwana Miiko, akaipatia wapagazi wengi wa kibuyuni. Alianguka karibu na mtumbwi. Alitapika mpaka akakosa cha kutapika, macho yakageuka, na mke wake akimwita hakumtambua.

Urbani alisimama mlangoni. Aliisikia tena sauti ya dirishani: itakutafuta wewe. Kwa kitambo kidogo alitaka kusema. Neno lilifika mpaka mdomoni, likakuta mdomo wa Urbani, ambao haukuzoea maneno ya namna hiyo.

"Alikula nini?" akauliza badala yake.

"Hakula kitu," Ottilia akasema. "Alifyonza kichwa cha samaki tu."

"Ahaa!" Urbani akasema, na kwa aibu yake yote, akapumua. Akachukua samaki waliobaki, hata yule aliyening'inia juu ya moto. Ottilia alimtazama sana, kisha akamtwika mpagazi tenga kwa mikono yake mwenyewe.

Egidi alipona, Mungu si Urbani. Na Urbani aliporudi tena na maharage na kuku, alikuta ua wa Ottilia umejaa watu. Ottilia akapiga magoti kumpokea.

"Karibu, Bwana Miiko. Dawa nyingine imekuja, lakini tangu Egidi augue watu wanaogopa. Wamesema wakikuona wewe unameza, na wao watameza."

Kiganjani mwake palikuwa na kitu kidogo, laini, kinachong'aa. Urbani hakuwahi kuiona dawa ya safura. Walijuana kwa masikio tu, kupitia dirishani. Lakini mbele ya macho yale yote bingwa hawezi kuuliza dawa ikoje.

"Ndiyo yenyewe," akasema, akaimeza. Watu wakashangilia.

"Na mpagazi wake," Ottilia akasema.

Egidi akaja, bado mwembamba, ameshika kwa mikono miwili kata kubwa iliyojaa pombe ya ulezi. Urbani akaiangalia ile pombe. Kwa mara ya kwanza maishani haikumvutia.

"Nimekwisha kunywa njiani."

"Njiani hukuwa na dawa tumboni," Egidi akasema.

"Mimi ni ofisa. Nipo kazini."

"Safari zote ulikunywa kazini," Mzee Nathanieli akamkumbusha. "Kunywa, mwanangu. Dawa isije ikalala njiani."

Wanaume walikuwa wamesogea. Kata ikafika kwenye midomo yake, povu likamgusa. Nyuma ya povu aliyaona macho ya Egidi, yale yaliyogeuka siku ile mkekani.

"Pombe ni mwiko!" akapiga kelele. "Pombe ndiyo mwiko wenyewe! Itaniua!"

"Na samaki?" Ottilia akauliza.

"Hana neno."

"Na maharage ya Mapera?"

"Hayana neno. Wala kuku. Pombe na mafuta tu, mama, ndivyo alivyosema dresa tangu mwanzo. Niitieni dresa anipe haluli niiharishe, nakufa!"

Ottilia akasimama, akapangusa magoti.

"Nilikwenda Mapera kwa dada yangu Kalista," akasema. "Akanipakulia samaki wangu, aliowanunua kwako. Amemeza dawa, amekula samaki wiki nzima, ana afya kama ng'ombe. Ila yeye pombe hanywi. Nikamfikiria mume wangu. Hufi, baba. Dresa yuko Ruanda kwake, hapa hakuna dawa. Ulichomeza ni kibofu cha samaki."

Watu walicheka mpaka kuku wa Mapera wakapiga kelele matengani mwao. Wanawake wakaanza kufungua mizigo, na Mzee Nathanieli akatangaza kwamba kesho Bwana Miiko atapanda nao Mapera, maharage kichwani, akawaambie na wale.

Urbani alikuwa bado anaitazama kata. Koo lilikuwa kavu kwa hofu na kwa mwendo.

"Kwa hiyo hii," akauliza kwa sauti ndogo, "ningeweza kuinywa?"

"Yote," Egidi akasema. Akaiinua mwenyewe, akainywa polepole mpaka chini, macho hayabanduki kwa Urbani, kisha akamkabidhi kata tupu akaioshe.