Mheshimiwa Sawatzky Aache Kunisaidia Kumshinda

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mwangwi wa Dunmarsh,
Dunmarsh, Saskatchewan.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti uliloliumiza kwenye barafu yangu limepona. Mimi ni Tyrel Pidhorny, miaka ishirini, dereva wa gari la kulainisha barafu katika uwanja wetu wa mpira wa magongo wa barafuni, na mgombea wa Bunge la mkoa katika uchaguzi wa Jumatatu ijayo. Shule niliiacha darasa la kumi kwa hiari yangu, na walimu hawakuleta ubishi. Lakini kwa kulizungusha lile gari, kuanzia hapa hadi Regina, makao makuu ya mkoa, hakuna wa kunigusa.

Namlalamikia rasmi mpinzani wangu, Mheshimiwa Lorne Sawatzky. Ametuwakilisha miaka ishirini na minane. Kabla ya hapo aliendesha basi la shule. Katikati aliwahi kuwa waziri wa barabara kwa wiki kumi na moja, akaondolewa kwa sababu waandishi walimuuliza kama daraja fulani ni bovu, naye akajibu kwamba ni bovu. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya siasa. Iliyobaki ni kuhudhuria mazishi na kula pai za wajane.

Nagombea kwa jambo moja tu. Mtambo wa kugandisha barafu uwanjani unakohoa, na kamati imesema usipopatikana mwingine kabla ya Krismasi, uwanja unafungwa. Ukifungwa, mimi sina kazi, watoto hawana pa kuchezea, na wazee hawana pa kunywea kahawa huku wakiwasema watoto. Mheshimiwa ameuahidi mtambo huo chaguzi tatu. Nikasema basi, huyu namng'oa. Sasa ona anavyonihujumu:

1. Fomu yangu ya kugombea ilipungua sahihi moja, maana binamu yangu aliondoka kwenda kwenye visima vya mafuta Alberta bila kuaga. Mheshimiwa akaijaza yeye. Nilimuuliza karani kama mtu anaruhusiwa kumdhamini mpinzani wake. Karani akapekua kitabu kizima, hakuona katazo.

2. Upepo uling'oa mabango yangu yote ya barabara ya kaskazini. Asubuhi nikayakuta yamesimamishwa tena, yamenyooka kuliko ya kwake. Watu wakaanza kusema Tyrel siku hizi amekomaa. Nimeharibiwa jina.

3. Hili ndilo kubwa. Siku ya theluji ya kwanza, pikapu yangu iliingia mtaroni mbele ya kanisa, saa ile ile watu wanaingia kwenye karamu ya bata mzinga. Mheshimiwa akaja na mnyororo. Nikamwambia asihangaike, nimeegesha.

"Umeegesha vizuri, mwanangu," akasema, "ila magurudumu mawili yako hewani."

Akanivuta mbele ya parokia nzima. Ndugu Mhariri, wewe ni mtu wa hapa, unajua mambo yetu: mtu akikutoa mtaroni, humsemi vibaya mpaka theluji iyeyuke. Theluji inayeyuka Aprili. Uchaguzi ni Jumatatu.

4. Kwa sababu ya namba tatu, kwenye mdahalo nilisimama kama mwanasesere wa theluji. Nusu ya hotuba yangu ilikuwa ya kumshambulia, na nusu nyingine ilitegemea ile ya kwanza. Sasa, hotuba hiyo nilikuwa nikiifanyia mazoezi kwa sauti juu ya gari langu la barafu kila asubuhi, na Mheshimiwa hunywa kahawa pale pale pembeni. Kumbe ameishika yote. Aliponiona nimekwama akainuka, akaitoa kwa niaba yangu, hadi pale pa kugonga meza. Kisha akanigeukia kuniuliza kama kuna alichosahau. Nikamnong'oneza kwamba amesahau sehemu ya kumponda yeye. Akarudi kwenye kipaza sauti, akajiponda. Aliongeza na la daraja, ambalo mimi sikuwa nalo. Ukumbi ulisimama kunishangilia, na mimi sijafungua mdomo.

5. Mama yangu mzazi ameweka bango lake uani kwetu. Nilipomuuliza, alisema ananipenda sana, ila Lorne alimpeleka yeye shule miaka tisa kwa basi, enzi za usichana wake, na hakumwacha kituoni hata siku moja, pamoja na kwamba alistahili kuachwa.

6. Jumamosi iliyopita lori liliingia uwanjani na mtambo. Si mpya, ni wa uwanja wa mji wa pili, wao wamepata mwingine. Mheshimiwa amewabembeleza tangu usiku wa ule mdahalo, akaenda kuuchukua mwenyewe, mwendo wa saa nne kwenda na nne kurudi. Nikamwuliza kwa nini sasa na si miaka yote ile. Akasema alikuwa hajawahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri namna ile. Yaani ameniibia ahadi yangu ya pekee, akaitimiza kabla sijachaguliwa!

Kwa hiyo naomba gazeti lako limtake Mheshimiwa afanye siasa kama watu wengine: anidharau, anisingizie, na akinikuta mtaroni apite akiinua kidole kimoja juu ya usukani, salamu inatosha. Mimi ni mtu wa hatari, natakiwa kuogopwa.

Nisalimie mkeo, wapiga chapa wote, na paka wa ofisini.

Ni mimi, mbunge wako mtarajiwa,
Tyrel Pidhorny

N.B. Barua hii nilichelewa kuiposti, nilikuwa nafunga mtambo. Barafu imeshika, nene na safi, njoo na goti lako. Uchaguzi umepita na Lorne amerudi. Katika kituo chetu cha uwanjani nimepata kura moja, na mji mzima unanitania kwamba nilijipigia mwenyewe. Ndugu Mhariri, mimi nilimpigia Lorne. Leo asubuhi nimemfuata kwenye kahawa yake nikamtazama usoni. Masikio yakamwiva, akasema kura ni siri. Halafu akaniuliza kama miaka minne ijayo nitahitaji tena sahihi.