Roboti Yangu na Soketi ya Mama Barafu

Jumatatu, 9 Machi

Saa tano na robo asubuhi, roboti yangu ya kufagia imezimika. Tena. Katikati ya jukwaa la maonyesho dukani, mbele ya mama mmoja aliyekuwa ameshaanza kuuliza bei. Ikasema kwa ile sauti yake ya upole, "Nimechoka. Tafadhali nirudishe kwenye chaji," kisha kimya. Yule mama akasema hata yeye amechoka, akaenda kununua ufagio.

Sababu naijua. Kila jioni duka likifungwa, meneja anamwagiza mlinzi azime swichi kuu, kwa kuogopa moto. Roboti yangu inalala juu ya chaja isiyo na umeme. Asubuhi inaonja chaji kidogo tu, kisha soketi ya jukwaa inachukuliwa na taa za maonyesho. Laini pekee inayobaki hai ni ya mafriji, na mafriji yanasimamiwa na Mama Barafu, muuzaji mwenzangu.

Mama Barafu ana soketi moja isiyo na kazi, nyuma ya kiti chake. Leo mwenyewe kasema: mdogo wangu, ukiitaka, niombe tu. Niombe tu! Mwanamke aliyewaambia wateja wangu kwamba roboti hii ni kobe aliyemeza betri. Sitaomba.

Jumamosi anakuja mkaguzi wa kampuni ya roboti. Ikifagia tangu kufungua mpaka kufunga, nathibitishwa kazini. Ikizimika, ataiondoa, na mimi nitaifuata mlangoni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameshanitengea nafasi kwenye karakana yake ya magodoro. Kazi ni kujaza sponji na kumsikiliza yeye akiongea. Sponji ningeiweza.

Jumanne, 10 Machi

Mpango wa kwanza ulikuwa rahisi mno, nashangaa wengine hawajaufikiria. Jana jioni niliibeba roboti na chaja yake nyumbani, ndani ya mkoba wa nguo. Nikaichomeka ukutani, nikala, nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Niliamka asubuhi, ukutani hakuna kitu. Mke wangu na mama mkwe waliamka mapema, wakaichomoa, wakafagilia nyumba nzima mpaka chini ya vitanda. Kisha wakamwazima jirani. Niliikuta kwa jirani, inazunguka miguu ya meza, na jirani kakaa kitini miguu juu anakunywa chai. Akaniambia Mungu anibariki.

Ilifika dukani ikiwa na chaji ya nusu saa. Nikaamua kuitumia vizuri: nikawaita wateja, nikafungua tumbo la roboti niwaonyeshe jinsi linavyobaki safi. Likamwaga nywele za familia mbili, maganda ya karanga, vifungo na kucha. Mteja mmoja akauliza kama nywele ni za bure au zina bei yake. Mama Barafu alicheka mpaka akashikilia mlango wa friji.

Meneja kanipa barua ya onyo kwa kutoa mali ya maonyesho nje ya duka. Ya kwanza. Amesema hajawahi kuona ya tatu ikifuatwa na kitu kizuri.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimetumia sayansi. Roboti ikiishiwa chaji, magurudumu yake bado yanazunguka ukiivuta. Nikaifunga uzi wa kuvulia samaki, ule usioonekana, nikachuchumaa nyuma ya mashine ya kufulia. Saa tano ilipozimika, nikaanza kuvuta. Ikaenda. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Watu wakapita, wakatazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Isipokuwa mzee mmoja mwenye fimbo. Akauliza kwa sauti mbona inafagia kuelekea upande mmoja tu. Halafu akauliza mbona brashi zake zimelala. Kutoka nyuma ya mashine nikamjibu kwamba ni teknolojia ya kimya kimya. Hapo nilikosea. Mzee akaufuata uzi taratibu kwa ncha ya fimbo, akazunguka mashine, akanikuta.

Nikamwamkia shikamoo, uzi mkononi. Akaitikia marahaba, akauliza kama leo samaki wanakula chambo.

Nilijitia hamnazo. Lakini habari ilifika kwenye mafriji kabla sijasimama, maana nikasikia mtu anaulizia bei ya samaki.

Alhamisi, 12 Machi

Sasa basi. Kama soketi ya nyuma ya kiti chake hainifikii kwa heshima, itanifikia nyingine kwa maarifa. Mama Barafu hula chakula cha mchana palepale kitini, habanduki, lakini mwisho wa safu ya mafriji haoni. Nikatambaa na waya mrefu, nikachomoa plagi ya kwanza niliyoigusa, nikachomeka yangu. Roboti ikawaka taa ya kijani. Nikajisikia mtu.

Nilikusudia kurudisha plagi baada ya saa moja. Akaja mteja, nikasahau.

Kumbe ile ilikuwa ya friza ambamo wafanyakazi wote wanahifadhi nyama na maziwa ya kwenda nayo nyumbani, kwa hisani ya Mama Barafu. Saa kumi maji yalikuwa yameshafika kwenye jukwaa langu. Roboti ikateleza ndani ya dimbwi ikaanza, "Nimekwama. Tafadhali nisaidie." Ilisema hivyo mpaka duka zima likakusanyika. Hakukuwa na haja ya uchunguzi. Waya ulitoka kwenye friza ukaja moja kwa moja miguuni kwangu.

Barua ya pili. Meneja aliiandika amesimama.

Mama Barafu hakunigombeza. Aliniletea kidekio mkononi, akasema ile soketi bado ipo, na mdomo wangu bado upo. Anafurahia huyu. Namjua.

Ijumaa, 13 Machi

Mke wangu kanijia juu. Anasema siku tano nimehangaika kukwepa sentensi moja. Kaniuliza kama kwa Mama Barafu maneno yanauzwa. Nikamweleza kwamba mwanamume mwenye hadhi yake haombi kwa mdomo, anaandika. Akasema basi andika, kaka ameshapiga simu mara mbili anataka kipimo changu cha ovaroli.

Nikaandika. Kwa Msimamizi wa Mafriji, kupitia kwa Meneja, nakala kwa Mlinzi. YAH: SOKETI. Ilikuwa barua nzuri mpaka nilipofika kwenye neno "naomba". Hapo kalamu ikagoma. Nikaweka "nakuarifu". Nikasoma tena, ikawa kama namfukuza kazi. Nikaichana.

Badala yake nimetengeneza bango: ROBOTI INAFIKIRI. Kesho ikizimika nalisimamisha mbele yake. Mkaguzi ni msomi, ataheshimu. Jioni nikaiacha roboti jukwaani, nikaenda zangu.

Usingizi hauji. Nimepima kiuno, sentimita themanini na nane. Sikumwambia mtu, lakini naogopa.

Jumamosi, 14 Machi

Nilifika dukani, jukwaani hakuna roboti. Nikaikuta kwenye mafriji, nyuma ya kiti cha Mama Barafu, imechomekwa, taa ya kijani. Aliibeba mwenyewe jana jioni kabla ya kufunga. Alisema chukua kobe wako, kashiba.

Nilitaka kumjibu kitu. Mkaguzi akaingia.

Ilifagia kutwa nzima. Haikuzimika hata mara moja. Mkaguzi akasema maduka yote aliyoyapita, roboti zinakufa kabla ya adhuhuri kwa sababu ya swichi kuu, na hajaona duka lililotatua jambo hili. Akauliza nani alibuni njia ya kutumia laini ya mafriji. Meneja akanitazama. Mama Barafu akanitazama, kitambaa cha kufutia vioo mkononi.

Nikasema, mimi.

Nimethibitishwa kazini. Mkaguzi kafurahi kiasi kwamba Jumatatu ananiletea roboti nyingine tatu, nizilishe zote kwa njia ileile niliyobuni. Nikapeana naye mkono. Nilipogeuka, Mama Barafu alikuwa anachomeka redio yake kwenye ile soketi. Akaiongeza sauti.

Jumapili, 15 Machi

Kesho roboti nne, soketi hakuna. Mke wangu kanieleza hali yangu polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Anasema nimwendee yule mama asubuhi na mapema, nimwambie asante na nimwombe radhi kwa kumwibia sifa. Akaongeza kwamba ovaroli imeshashonwa.

Nimelitafakari jambo hili siku nzima, kwa utulivu na bila upendeleo. Mama Barafu aligusa roboti yangu bila ruhusa. Aliihamisha jukwaani bila maandishi. Kisha mbele ya mkaguzi akanikazia macho, na mwisho akanipigia redio. Mtu mwingine angemshtaki.

Mimi sina kinyongo. Kesho saa mbili kamili nitakwenda kwenye mafriji, nitasimama mbele ya kiti chake, na nitamwambia kwamba nimemsamehe.