Kiti cha Mjomba

Jumanne, 3 Desemba
Heshima imenishukia. Yu-Zhen, binti wa dada yangu, amenikabidhi kazi ya kumtafutia DJ wa karamu ya harusi. Hema litapigwa barabarani mbele ya nyumba ya dada, meza thelathini. Kasema angependa Wan-Ching, yule DJ msichana wa mjini Taichung, ila neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba neno analo, na wimbo wa kuimba siku hiyo anao. Naufanyia mazoezi dukani tangu Agosti, katikati ya feni ninazouza. Wateja wamepungua kidogo.

Jumatano, 4 Desemba
Nimempigia Wan-Ching. Sauti ya asali, roho ya jiwe. Eti maiki hapewi mtu bila bi harusi kuruhusu. Nikamwambia mimi ni kaka wa mama yake. Akasema hata ningekuwa mungu anayelinda mlango, sipewi.

Nimwombe ruhusa mtoto niliyemfuta kamasi? Thubutu. Nikaenda kwa A-Tsai, anayepiga muziki kwenye sherehe za hekalu, juu ya lori. Muungwana. Kaniahidi nyimbo tatu na moshi wa jukwaani. Yu-Zhen nimemwambia Wan-Ching ana kazi nyingine siku hiyo. Kasikitika. Atazoea.

Jumamosi, 7 Desemba
Nimeumbuka. Wan-Ching kampigia Yu-Zhen mwenyewe, kuuliza kama mjomba ameshapoa hasira, maana yeye siku hiyo yuko huru. Dada akaja kunisuta dukani mbele ya watu: utu uzima wote huu, namdanganya mtoto? Nikajifanya natengeneza feni. Feni ilikuwa nzima.

Wan-Ching kapewa kazi. A-Tsai kanitukana mpaka babu zangu. Aibu imenijaa. Lakini wimbo ninao.

Jumapili, 15 Desemba
Sijui niandikeje. Mpango ulikuwa safi. Nijifiche nyuma ya spika kubwa na maiki yangu mwenyewe, sahani ya kwanza ikitoka tu, nitokeze naimba. Nikajibanza mapema, pamba masikioni kwa ajili ya kelele. Nachungulia, wapishi wamesimama, sahani haitoki. Nikawalaani kimoyomoyo kwa uvivu.

Nilijisahau kwamba mjomba ni mimi. Kwetu hakuna anayegusa chakula mpaka kaka wa mama wa bi harusi aketi meza kuu. Kiti chake kikibaki wazi, kila mtu anajua ameikataa ndoa. Kwa hiyo mimi nasubiri chakula, chakula kinanisubiri mimi.

Mwishowe spika ikanguruma hadi pamba ikashindwa. Wan-Ching alikuwa anamsihi mjomba ajitokeze. Nikajua wameanza kuniomba niimbe. Nikatoka kwa madaha, naimba.

Nilifika mstari wa pili wa wimbo ndipo nikaona. Baba wa bwana harusi, mzee mwenye mvi, amesimama mbele ya kiti changu kitupu, anakiinamia, anakiomba radhi kwa kosa asilolijua. Dada analia. Yu-Zhen rangi za uso zimemchuruzika hadi kwenye gauni. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikaketi. Samaki alikuwa amepoa, na hata angekuwa wa moto nisingemmeza. Yu-Zhen alipopita kutunywesha wakubwa, alinijazia kikombe kwa mikono miwili, akaniinamia sikioni. Mjomba, wimbo wako ulikuwa kwenye ratiba, baada ya supu. Nilimkataza Wan-Ching asikwambie. Nilitaka nikuite mwenyewe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na baada ya supu kweli akaniita, mbele ya watu wote. Nikasimama, nikashika maiki. Sauti haikutoka.

Jumatano, 18 Desemba
Tangu harusi sijafungua duka. Nikimwona jirani naingia ndani. Leo dada kapiga simu, sauti bado nzito. Mdogo wake Yu-Zhen kachumbiwa, harusi mwezi wa nne. Kasema kumtafuta DJ hainihusu, kazi yangu ni moja tu, kukaa kitini. Nikaapa machozi yakinilengalenga. Nimekoma kabisa.

Jioni nikapita kwa wanaokodisha meza. Kitambaa cha meza kuu kinafika chini, na pale kwenye miguu ya mjomba spika ndogo inaenea vizuri. A-Tsai amekubali kunisamehe na kuniazima yake. Sitanyanyuka hata kidogo. Nitaimba nikiwa nimekaa.