Meneja Kahamia Kwetu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeamua. Nachukua mbwa! Shemeji, kaka yake mke wangu, ana mbwa anayeketi akiambiwa keti, na kila akija kwetu hatupumziki kwa majigambo. Nimefunga saluni mapema, nikaenda kituo cha mbwa waliookotwa. Mlezi wa kituo, mama mkavu asiyecheka ovyo, akauliza kama nina uzoefu. Nikamwambia nimekulia katikati ya mbwa. (Kweli tupu. Walinikimbiza utoto mzima.) Kanipa mtoto wa mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Kwa majaribio! Jumamosi anakuja kukagua nyumba. Nikishindwa, anampa aliyenifuatia kwenye foleni. Nikauliza ni nani. Shemeji! Eti anataka wa pili.

Mke wangu kasema watoto watatu kalea yeye. Huyu wa nne ni wangu, kinyesi chake na kelele zake. Nikasema hamna shida. Tumemwita Meneja, maana kazi yake ni kukaa na kutazama wengine wakihangaika.

Jumanne, 5 Machi
Shida ipo. Meneja kakojoa sebuleni, jikoni, na ndani ya kiatu changu cha kulia. Cha kushoto kakitafuna. Mlezi aliniagiza nisimgombeze: nifute, nimtoe nje kila akila na kila akiamka, akimaliza huko nimsifu. Nikamtoa. Nikaanza kumsifu kabla hajafanya kitu, kumtia moyo. Majirani wakachungulia. Tukarudi ndani, akamaliza haja yake zuliani.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi nyumba kavu! Nimeficha nyaya za umeme, viatu nimepandisha juu ya kabati, pengo la uzio nimeziba kwa kiti kibovu cha saluni. Meneja kapita chini ya kiti. Nimemkimbiza mtaa mzima na ndala moja. Shemeji, akiwa njiani kuja kwetu, ndiye aliyemdaka, akamwambia keti. Akaketi! Msaliti mkubwa. Shemeji akacheka, akamwambia avumilie, Jumamosi si mbali. Kumwona mikononi mwa mtu mwingine kumeniuma, sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Machi
Nyumba kavu tena. Mafunzo yangu yamemwingia! Umebaki umaridadi tu. Mimi kinyozi, mbwa wangu akaguliwe na manyoya timutimu? Nikawasha mashine. Ubavu wa kushoto ukapungua, nikasawazisha wa kulia. Wa kulia ukapungua zaidi, nikarudi kushoto. Nilipozima mashine, Meneja kabaki na manyoya ya kichwani na ncha ya mkia. Mke wangu karudi kutoka kazini, kamtazama yeye, kanitazama mimi, kaingia chumbani, kafunga mlango.

Jumamosi, 9 Machi
Mlezi kaja. Kakagua nyaya, kakagua uzio, karidhika. Kisha akamwona Meneja. Akauliza upele umemwanza lini. Nikaeleza kwamba ni mtindo. Akaenda kufungua mlango wa gari lake ampakie. Meneja akajificha nyuma ya miguu yangu, anatetemeka. Nikambeba. Nikamkumbatia kwa nguvu.

Hapo mke wangu akatoka jikoni. Akasema ni yeye anayemtoa nje kila asubuhi, mimi nikiwa nakoroma. Kisha akasimama mbele ya gari: "Huyu mbwa hatoki hapa, dada. Kama lazima uondoke na mmoja, chukua kinyozi."

Mlezi akacheka mpaka akaegemea gari. Meneja ni wetu! Yaani ni wa mke wangu. Mimi nimeteuliwa msaidizi, na mashine nimekatazwa kumsogezea.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Yote yamekwenda kama nilivyopanga. Jirani kasikia sisi ni watu wa wanyama, na kwa kuwa anasafiri, katuachia paka wake. Paka mzuri, ila manyoya yamemfunika mpaka macho. Na joto hili, maskini! Mke wangu katoka na Meneja. Kuhusu paka hakuna aliyenikataza. Mashine nimeshaitia mafuta.